Mvua ya Vinyonga Uani kwa Mama Manzi

Vinyonga wawili waliingia uani kwa Mama Manzi mchana kweupe, wakiwa ndani ya kizimba cha wavu kilichofunikwa kitenge. Mutsinzi dobi alikuwa amekibeba kichwani kutoka shule ya wasichana iliyoko mlimani hadi mtaa wa Gitega, Kigali, na kila aliyemwuliza amebeba nini alimjibu kwamba ni nguo za Madamu. Kwenye kizuizi, maana mwaka ule wa 1991 vita vilikuwa vimeanza kule kaskazini na hata dobi alikaguliwa, askari alifunua kitenge, akakifunika tena upesi, akamwambia apite bila kumdai kitambulisho. Lakini alipokitua kizimba kibarazani kwake, kitenge kiliteleza. Mama Manzi, mwenye nyumba, alikuwa anapepeta maharage hatua tatu tu kutoka pale. Aliona jicho moja likimtazama yeye na la pili likitazama maharage yake kwa wakati uleule, na ungo ukamtoka mikononi.

Tumwonee huruma. Mtaani kwetu nyoka hupigwa, lakini kinyonga hukimbiwa. Kuna watu wazima wenye ndevu na vyeti ambao wakimkuta njiani huzunguka mlima mzima ili wasipite mbele yake, kisha wakifika kazini husema wamechelewa kwa sababu ya basi.

“Uruvu,” alisema Mama Manzi, akimtaja mnyama kwa jina lake la Kinyarwanda. “Umeleta uruvu kwa nyumba yangu.”

“Ni ya Madamu wa shule, Mama. Itakaa hapa wiki ine tu.”

“Hata siku ine. Itoke, ao mtoke nayo.”

Mutsinzi alijieleza kwa heshima zote. Madamu Gahongayire, mwalimu wa biolojia, alikuwa amekwenda Bujumbura kwa mafunzo ya wiki nne. Wanyama hawa ni wa kufundishia. Mpishi wake na mlinzi wake walikuwa wameapa kuacha kazi kuliko kubaki peke yao na vinyonga, naye Mutsinzi, ambaye siku hiyo alikuwa amepeleka sketi zilizopigwa pasi, akajikuta anasema kwamba yeye haogopi. Huo nao ulikuwa uongo, tena mkubwa kuliko ule wa nguo, kwa sababu nywele za shingoni zilikuwa zimemsimama.

Ila alikuwa na sababu yake. Dobi wa ile shule alikuwa anastaafu baada ya Pasaka, na Madamu alikuwa ameahidi kumsemea kwa mkurugenzi. Kwa Mutsinzi hiyo ilikuwa na maana ya kupiga pasi mahali pamoja, chini ya paa, akiitwa kwa jina lake. Kwa miaka tisa alikuwa akizunguka nyumba za watu na furushi kichwani, akielekezwa mlango wa nyuma na wapishi waliovaa aproni alizozifua yeye mwenyewe. Mwezi uliopita mmoja alikuwa amemfanya asubiri juani saa nzima, kisha akamwambia bwana anasema kola haikunyooka, arudi nayo. Mutsinzi aliichoka kazi hiyo kweli, na aliitaka ile ya shule kwa moyo wake wote.

Mkewe Aidah alijizuia mbele ya mwenye nyumba. Walipoingia ndani ndipo alipocheka mpaka akakaa kitandani.

“Weye?” alisema. “Weye unaogopa hata jongoo.”

*

Madamu alikuwa ameacha maagizo kwenye karatasi ya daftari, kwa Kifaransa, na Aidah, aliyesoma kuliko mumewe, aliyatafsiri akiwa amesimama mbali na kizimba. Wanyama hawa wametoka msitu wa Nyungwe, ambako ukungu hushuka asubuhi na jioni. Hawanywi maji kwenye bakuli hata ukiwawekea ya dhahabu. Hunywa matone yaliyotua juu ya majani, na matone hayo lazima yawe madogo kama ya ukungu. Wakikosa kunywa, macho huzama, ngozi hukunjamana, wanakufa. Neno la kufa lilikuwa limepigiwa mistari miwili.

Kulikuwa na chupa ya kupulizia, ya plastiki, aliyoileta Madamu kutoka Ulaya. Siku ya tatu kifyatulio chake kilikatika. Mutsinzi alikwenda mjini kutafuta nyingine, akaambiwa bei dukani, akatoka bila kuaga. Mvua za itumba, yaani masika, nazo zilikuwa zimechelewa. Vumbi la Gitega lilikuwa limetua juu ya mabati, migomba na nguo zake kwenye kamba, na anga ilikuwa safi kabisa kila asubuhi.

Basi akatumia kile alichokuwa nacho. Dobi wa pasi ya makaa hupuliza maji kwa mdomo: hubugia kikombe, huvimbisha mashavu, halafu huyaachia kati ya midomo iliyobana, na shati zima hupata unyevu sawasawa bila doa. Mutsinzi alikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko dobi yeyote wa upande ule. Alisogea kizimbani akiwa amefumba jicho moja kwa hofu, akapuliza. Ukungu ukatua kwenye majani. Baada ya muda dume aligeuza kichwa, jike naye akageuza, wakaanza kulamba polepole. Mutsinzi alifurahi vibaya sana. Alimwita Aidah aje kuona, naye Aidah alikuja hadi mlangoni, na kesho yake hadi kizimbani.

Kwa siku tano mambo yalikwenda vizuri. Siku ya sita mwezi ukaandama na Ramadhani ikaingia.

Shehe alikuwa amemwambia tangu zamani kwamba kusukutua mdomo hakufunguzi saumu, mradi usimeze. Lakini Mutsinzi alilijua koo lake. Miaka miwili nyuma, akipiga pasi gauni la bibi harusi saa nane mchana, alikuwa amemeza funda zima. Kumeza kwenyewe kungesameheka, kwani kulikuwa kwa bahati mbaya. Kilichomsumbua ni kwamba maji yale yalikuwa matamu. Tangu siku hiyo, kila mwezi wa mfungo alinyunyizia nguo kwa kopo lililotobolewa misumari, na wateja walivumilia mikunjo yao.

Kopo lilifaa kwa mashati. Vinyonga walilichukia. Matone yalikuwa makubwa na ya baridi, yakawapiga mgongoni, wakawa weusi kwa hasira na kujificha chini ya majani wakiwa wamefunga midomo. Ilipofika siku ya tatu ya mfungo, macho ya jike yalikuwa yameanza kuzama, na Mutsinzi mwenyewe, midomo ikiwa imemkauka, alikaa mbele ya kizimba akijua hasa kiu ni kitu gani.

*

Rafiki yake Évode alikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli kule Kimisagara, bondeni. Ni mtu wa aina ile ambayo ukimpelekea tatizo anafurahi kuliko ukimpelekea chakula. Alisikiliza habari ya vinyonga bila kuuliza kwa nini, akauliza tu ukungu wenyewe unatakiwa kuwa mwembamba kiasi gani. Mutsinzi akampulizia kwa midomo mitupu kumwonyesha. Évode akafunga kibanda mchana ule, akapanda Gitega na begi la vifaa.

Jaribio la kwanza lilikuwa la jerikani. Évode alitoboa kifuniko, akachomeka mdomo wa kujazia upepo uliokatwa kwenye mpira wa baiskeli, akaweka na bomba jembamba la kutolea maji, kisha akaanza kupampu. Jerikani lilivimba. Aidah alisema linatosha. Évode alisema bado kidogo, na hapo kifuniko kiliruka kikagonga bati la jirani, na lita kumi na tano za maji zikamwagika juu ya maharage ya Mama Manzi yaliyokuwa yanakauka kwenye mkeka.

Mama Manzi alitoka na hotuba tayari. Alisema alivyowavumilia na moshi wa makaa, na nguo zilizojaa uani kama soko, na sasa mnyama wa laana na mafuriko juu yake. Aliwapa hadi Jumapili wawe wamehama. Mutsinzi alitazama chini, Évode akajifanya anatafuta kifuniko. Majirani walitoka kusikiliza wakiwa na kazi zao mikononi, mmoja na kisu na kiazi, na Aidah aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Lakini hasira ilikuwa imemsogeza Mama Manzi karibu na kizimba kuliko alivyokusudia. Alikuwa ananyoosha kidole kumwonyesha yule mshenzi wanayemzungumzia, na kidole kikabaki hewani. Lazima mjue kwamba nusu ya watu wa mlima ule walipokewa na mikono ya mama huyu walipozaliwa. Alimtazama jike ubavuni, akainama, akamtazama upande wa pili.

“Hii jike iko na mimba,” alisema.

Évode aliacha kutafuta kifuniko.

“Mimba kubwa. Na iko na kiu. Hamuoni macho?”

Alibaki pale kitambo, mikono kiunoni, akipigana na nafsi yake. Kisha akatangaza kwamba katika nyumba yake mwenye mimba hafukuzwi, hajawahi kufukuzwa na hataanza kufukuzwa leo. Akishazaa, watatoka wote, wenye miguu miwili na wenye minne. Akakusanya maharage yake yaliyolowa akaenda nayo jikoni, maana sasa ilibidi yapikwe.

*

Évode hakuliacha jambo lile. Kesho yake alirudi na mpira wa ndani wa tairi la gari, uliojaa viraka, ambao mwenye gari alikuwa ameutupa. Alieleza kwamba kosa la jerikani ni ugumu wake, kwamba chombo kinachotaka kupumua lazima kiweze kutanuka. Mpira ule ungejazwa maji nusu na upepo nusu, ukalazwa chini ya ubao wa kupigia pasi, na juu ya ubao zikawekwa pasi mbili za makaa za Mutsinzi kuukandamiza. Aliziba matundu, akabandika mdomo wa pili wa kutolea maji, akausuuza mpira kwa majivu na maji moto siku mbili nzima ili harufu itoke. Kwa kuwa Mutsinzi na Aidah walikuwa wamefunga, yeye ndiye aliyeonja maji, akatema, akasuuza tena, akaonja, akasema sasa hata yeye angekunywa.

Tatizo lilibaki kwenye tundu. Walitoboa bomba kwa sindano, maji yakatoka kama mkojo wa mbuzi. Walifinya kipande cha bati, yakatoka kama wa mbuzi wawili. Aidah ndiye aliyeleta kalamu tatu za wino zilizokwisha, akasema ncha ya kalamu ina tundu dogo kuliko yote aliyowahi kuyaona. Évode aling'oa vile vigololi vya nchani kwa uvumilivu mkubwa, akazichomeka ncha kwenye bomba, na kila moja ikatoa mstari mwembamba kama uzi, ulionyooka, wenye nguvu. Ulikuwa mzuri, lakini haukuwa ukungu.

Walikaa kuutazama. Mutsinzi, ambaye mpaka hapo alikuwa mshika vifaa tu, alikumbuka kitu ambacho kila dobi anakijua: ukipuliza maji yakagonga jino bovu, husambaa pande zote. Yeye alikuwa nalo, upande wa kushoto, na ndiyo siri ya umaarufu wake. Alichomoa pini tatu kwenye mto wake wa pini, akazikunja, akazifunga mbele ya ncha za kalamu ili kila uzi wa maji ugonge kichwa cha pini. Évode akapampu mara ishirini. Mutsinzi akaachia kibanio cha nguo kilichokuwa kimebana bomba.

Ukungu ulitokea juu ya kizimba, mweupe, mwepesi, ukashuka bila sauti juu ya majani. Dume alifumbua macho. Jike alitoka chini ya jani lake, rangi yake ikabadilika kutoka kijivu kuwa kijani mbele yao, akafikia tone la kwanza, akalilamba, akafikia la pili. Évode, ambaye ni mtu mzima na baba wa watoto wanne, alifuta macho kwa mkono wenye grisi, akabaki na mstari mweusi usoni hadi jioni. Mutsinzi alijiona amekuwa tajiri. Kulikuwa na sauti ya dirisha kufungwa, na kila mtu pale uani alijua ni dirisha la nani.

Kwa wiki mbili mvua ile ilinyesha kila alfajiri na kila alasiri. Mama Manzi hakuisifu hata mara moja. Ila alianza kuuliza, bila kumtazama mtu, kama huyu mwenye mimba amekula, na siku moja Aidah alikuta panzi watano ndani ya kizimba ambao hakuwaweka yeye wala mumewe.

*

Kosa lilifanyika siku ya Ijumaa, na lilikuwa kosa la dobi.

Kila Alhamisi usiku Mutsinzi alikoroga ndoo ya wanga kwa ajili ya kanzu za Ijumaa, maana Ramadhani wanaume wa mtaa wa Biryogo huenda msikitini na kanzu zilizokakamaa. Alfajiri ile, baada ya daku, macho yakiwa bado yana usingizi, alichukua ndoo ya karibu akajaza mpira wa vinyonga. Alifungua kibanio, akaona ukungu umeshuka, akafunga, akazitia kanzu kwenye ndoo iliyobaki, akazipiga pasi, akaenda kuwapelekea wenyewe. Kanzu zenyewe zilikuwa zimelegea kidogo, akawa anashangaa kwa nini.

Aidah ndiye aliyeligundua kosa, saa nne asubuhi. Majani yote ya kizimba yalikuwa yanang'aa na kusimama wima kama kola. Dume alikuwa amekasirika tu. Jike alikuwa amekaa chini sakafuni, mahali ambapo kinyonga mwenye afya hakai, na jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba, limegandana kabisa kwa ganda jeupe. Alifungua kibanio kumwoshea. Hakuna kilichotoka. Ncha tatu za kalamu zilikuwa zimezibwa na wanga uliokauka.

Mutsinzi alirudi akamkuta mkewe amepiga magoti na kitambaa chenye maji, anaogopa kugusa. Évode alikuwa mbali, kwenye msiba wa shangazi yake huko Remera. Kilichohitajika ni ukungu wa maji ya vuguvugu, mwembamba, polepole, mpaka ganda lilainike lenyewe. Ukilisugua, unang'oa jicho. Mutsinzi alichukua kikombe. Alikuwa na hofu ya koo lake, na hofu ya Mungu, na hofu ya Madamu, na zaidi ya zote alikuwa anamhurumia yule mnyama, jambo ambalo asingelikiri mwezi mmoja kabla.

Kikombe kilichukuliwa mkononi mwake kutoka nyuma.

“Mmefunga,” alisema Mama Manzi. “Toka hapo. Lete maji ya vuguvugu, Aidah, na usiweke chumvi.”

Alikuwa amevua viatu, sijui kwa nini. Alifungua mlango wa kizimba kwa mkono wake, akaingiza kichwa chake na kilemba ndani, uso kwa uso na uruvu, akavimbisha mashavu, akapuliza. Mara ya kwanza alimlowesha Mutsinzi. Mara ya pili alipuliza vizuri zaidi. Mutsinzi alimwelekeza kwa upole namna ya kubana midomo, akamwambia afikirie anapoza uji wa mtoto, na ya tano au ya sita ikawa ukungu halisi. Vikombe vitatu viliisha. Ganda likalainika, likaachia upande mmoja, na lile jicho likafunguka, likazunguka, likamtazama Mama Manzi.

Hakuruka. Alitoa kichwa taratibu, akajifuta mdomo, akasema kwamba katika miaka yake yote hajawahi kuona mwanamume anayemtia mwenye mimba wanga. Kisha akaenda kutafuta viatu vyake.

*

Madamu Gahongayire alirudi Jumamosi ya wiki ya nne, alasiri, na gari la shule na dereva. Ni mwanamke mrefu, mwenye miwani, anayesema mambo mara moja. Inspekta wa wizara alikuwa anakuja Jumatatu asubuhi, na alitaka vinyonga wawe darasani usiku uleule ili wazoee. Aliwatazama kwa haraka, akaona ni wanene, akasema vizuri sana, Mutsinzi, beba.

Bahati mbaya jike alikuwa na shughuli zake. Tangu mchana alikuwa anapanda na kushuka kijiti kimoja, hakai, hali, na kila mara alisimama na kujinyoosha. Mama Manzi alikuwa amelitambua hilo tangu saa sita. Gari lilipowashwa, alikwenda akasimama katikati ya lango.

“Hii haitoki reo,” alisema. “Uchungu umeanza.”

Madamu alimweleza kwa adabu kwamba huyu ni mnyama, kwamba wanyama huzaa popote, kwamba kuna inspekta. Mama Manzi alimjibu kwamba yeye hajui inspekta, anajua mwenye uchungu hapandishwi gari. Mtaa mzima ulikuwa umeshafika. Dereva alizima gari, akawasha, akazima. Madamu, ambaye hakuzoea kubishiwa mbele ya watu, alimgeukia Mutsinzi, na sauti yake sasa ilikuwa ile anayoitumia darasani.

“Mutsinzi. Wewe ndiye niliyekupa kazi hii. Beba tuende.”

Aidah alimtazama mumewe, na hakuwa na la kumsaidia. Huku alikuwa amesimama mwenye kauli ya kazi ya shule, na huku mwenye nyumba wanayolala. Lakini tukisema kwamba Mutsinzi alipima haya tutakuwa tunampamba. Yeye alikuwa anamtazama jike, akifikiria mashimo ya barabara ile.

“Madamu, samahani,” alisema. “Mama anasema kweli. Barabara ni mbaya, na hapa mvua yake iko tayari. Mimi reo siibebi.”

Mutsinzi aliona kazi ya shule ikiondoka, akaona wapishi wote wa Kigali na milango yao ya nyuma, na machozi yakamkaribia. Madamu aliuliza, kwa ukavu, mvua gani. Ndipo Mutsinzi alipolala kifua juu ya ubao na kuachia kibanio, na ukungu ukashuka.

Madamu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alifuata bomba kwa kidole kutoka kwenye pini hadi kwenye ncha za kalamu, hadi kwenye mpira wenye viraka, hadi kwa dobi aliyelala juu yake. Aliuliza nani amefikiria pini. Akamwambia dereva arudi na gari, inspekta ataonyeshwa mifupa ya samaki. Kisha mtu akamletea kigoda, akakaa, na mkoba wake akauweka magotini.

Mtoto wa kwanza alidondoka kabla ya jua kushuka. Alianguka juu ya jani lililolowa akiwa amefungwa kwenye kiwambo chake, akatulia kiasi cha kututisha, halafu akajikunjua na kutembea, mdogo kuliko kiberiti, macho yakizunguka kila upande kama ya mtu aliyefika mjini. Tuliokuwa pale tulicheka wote kwa pamoja. Mama Manzi alihesabu kwa Kinyarwanda, rimwe, kabiri, gatatu, na kila alipotaja aligonga ukuta wa kizimba kwa ukucha. Ulikuwa ukungu usiokatika uliotakiwa sasa, kwa hiyo Mutsinzi alikandamiza ubao kwa kifua na mikono yote miwili, na kila nguvu ilipopungua aliweka uzito zaidi.

Baada ya wa nne, Madamu alifungua mkoba. Barua ya mkurugenzi alikuwa nayo tangu mchana. Kwa kuwa mikono ya Mutsinzi ilikuwa na kazi, alimpa Aidah, na Aidah akaisoma mara mbili, akalia waziwazi, bila kujificha.

“Umepata,” alimwambia mumewe sikioni. “Wiki ya baada ya Idi unaanza. Wameandika jina lako yote.”

“Ngoja,” alisema Mutsinzi. “Upepo unaisha. Mwambie mtu apampu.”

Walipampu kwa zamu, dereva aliyekataa kuondoka, yule jirani wa kiazi, hata Madamu mwenyewe. Mama Manzi alifika kumi, akafika kumi na moja, akasema ni hao, basi, mama yao apumzike. Vitoto vilikuwa vimetapakaa kwenye majani, kila kimoja kinalamba tone lake. Adhana ya magharibi ililia upande wa Biryogo. Mutsinzi aliisikia, lakini hakuinuka, akasema bado kidogo, kile cha pembeni hakijafikia maji.

Mama Manzi alikwenda jikoni kwake. Alirudi na kikombe, akapita katikati ya watu, akapiga magoti kando ya ule ubao, akamwinua dobi kichwa kwa mkono uleule aliowapokelea watoto wa mlima mzima.

“Hao wamekunywa wote,” alisema. “Kunywa na weye.”